Enanga Iliyofungwa Spika

Nyuma ya soko la Bukoba, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika ukiwa umeshachoka na kubeba harufu ya samaki, palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa ubao wa ubavu wa lori. Liliegemea kibanda cha fundi redio mmoja, Protase, ambaye kijiwe kizima kilimwita Waya. Kila asubuhi Omary alitua hapo na birika lake la kahawa, akawakuta wenyewe wameshajipanga: Ildefons, mpakuzi wa bandarini, jina la kijiweni Meli; Byabato, karani wa ushirika, ambaye tangu Azimio la Arusha litangazwe miaka mitatu nyuma hakuwa akimaliza maneno bila kulitaja, basi nalo likawa jina lake; na Aroni, fundi cherehani, Mlutheri asiyekosa ibada, aliyeitwa Futi. Walibishana juu ya lolote lililopita mbele yao. Lakini mwezi ule wa Julai walikuwa na neno moja tu, nalo lilimhusu mwenye kibanda: kwa nini mtambo wa Waya ulipiga yowe pale Muleba siku ya Saba Saba, mbele ya umati mzima?

— Mimi nasema ni ziwa, alianza Meli, huku akipuliza kikombe.

— Ziwa? Pale uwanjani ziwa liko wapi? aliuliza Futi.

— Ziwa si kitambaa, Futi, huwezi kusema limeishia hapa. Maji yanavuta sauti. Meli ikipiga honi kule majini, mimi huku naisikia tumboni. Sasa Waya kachukua spika ya gari la sinema, pana kama sufuria ya harusi, kaielekeza mashariki. Ziwa likaivuta sauti, sauti ikakataa kwenda, wakavutana. Lile yowe lilikuwa ugomvi. Ndiyo maana wahenga walisema vyaelea vimeundwa.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa.

Wakacheka. Protase naye akacheka, kichwa chake kikiwa kimeinamia redio ya mteja, bisibisi mkononi. Alikuwa amegundua kwamba akicheka mapema, hawamtazami usoni.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Protase alikuwa mtu wa kuokota. Redio iliyonyeshewa hadi ikaota kutu, gramafoni iliyovunjika mkono, simu iliyotupwa nyuma ya ofisi, vyote viliishia kibandani kwake. Wengine wangevikata vipuri. Yeye alivifanya viimbe. Aliwahi kuweka redio mbili mbovu zikitazamana, akazifungulia mahali pasipo na kituo, zikaanza kupiga mluzi. Akisogeza kiganja katikati yake mluzi unapanda, akikiondoa unashuka, mpaka akaweza kupiga nusu ya wimbo wa kanisani kwa kupunga mikono hewani kama mtu anayefukuza nzi. Majirani waliita kitu kile paka wa Waya. Lakini alichokiota siku zote ni enanga.

Enanga kila mtu pale aliijua: gogo lililochongwa kama hori, nyuzi zikapita juu yake kutoka ncha hadi ncha, na mpigaji akaipakata huku akiimba habari za mashujaa na wafalme wa zamani. Ni chombo cha sebuleni. Sauti yake ni ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani wa mkeka mmoja. Mjomba wake Protase, mzee Bartholomayo wa Buganguzi, ndiye aliyekuwa akiipiga vizuri kuliko wote upande ule, na alijua hivyo, na alikuwa na maringo yake. Akialikwa arusini na watu wakaongea wakati anaimba, aliifunga enanga yake kwenye nguo akaenda zake bila kuaga, hata kama pombe ndiyo kwanza imeletwa. Enanga ile aliichonga baba yake.

Basi walipomwalika Muleba siku ya Saba Saba, kwenye uwanja wa wazi, Protase alimwendea akamwambia: Mjomba, kule watu ni wengi, watakaosikia ni wale wa mbele tu. Niachie wiki moja. Nitaitia sauti.

Mzee alifikiri sana. Mwisho akasema: Utie sauti. Usiguse mti.

— Ziwa halihusiki kabisa, alisema Azimio. Aliweka kikombe chini kwa nguvu, dalili kwamba hotuba inakuja. Tuanzie kwenye chanzo. Waya, ile sehemu ya kusemea ya simu, uliyoifunga ndani ya enanga ili inase sauti, uliitoa wapi?

— Jalalani, nyuma ya ofisi.

— Ofisi hiyo zamani ilikuwa ya nani?

— Wazungu walikuwa wakikaa humo.

— Mnaona! Kinywa cha simu kimezoea amri miaka yote. Leta hiki, peleka kile, mfunge yule. Leo unakichukua kinywa hicho unakitia ndani ya enanga, unakiambia kisikilize Kihaya. Kitakubali? Kimegoma! Ile ni hujuma, jamani. Vifaa vya kibeberu vinajua vikiingia kwenye utamaduni wetu. Azimio limesema wazi tusitegemee vitu vya nje.

— Azimio halikutaja simu, alisema Futi.

— Halikutaja na cherehani yako, lakini linakuona.

— Yakhe, aliingilia Omary, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye hakuacha kuwakumbusha. Hata hilo birika langu ni la kigeni, mbona halipigi yowe?

— Birika ni mfanyakazi, alijibu Azimio. Simu ilikuwa bosi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza haba hiyo ni ya nini. Protase aliwasikiliza, na kila nadharia ilimwingia kama maji ya uvuguvugu kwenye mguu uliochubuka. Maana ziwa likiwa na makosa, yeye hana. Simu ikigoma, yeye hana. Wenzake hawa walimpenda, na kwa mapenzi yao walikuwa wakitafuta mkosaji popote isipokuwa pale alipoketi.

Yeye alijua sababu. Aliijua hata kabla ya kuondoka Bukoba. Spika ikikaa karibu na kile kinasa sauti, sauti inatoka hapa inaingia pale, inatoka tena kubwa zaidi, inaingia tena, mpaka inakuwa yowe. Ilikwishamtokea kibandani. Dawa yake ni kuiweka spika mbali, mbele kabisa, na kwa hiyo unahitaji waya mrefu. Waya mrefu hakuwa nao. Angeweza kusema, Mjomba, tuache, upige kama ulivyozoea. Lakini alikuwa ameshawaambia watu wote wa kijiwe, na wa soko, na wa bandari, kwamba Saba Saba watasikia enanga ya umeme.

Na mti aliugusa. Kinasa kilikataa kushika sawasawa kwa gundi, basi usiku wa kuamkia safari akatoboa tundu kwenye sakafu ya enanga, akapitisha skrubu. Tundu dogo. Alilipaka nta ya mshumaa lisionekane.

— Sasa mimi niseme, na mtanisamehe, alisema Futi kwa sauti ya chini, akitazama barabarani kwanza. Mzee alikuwa akiimba nini pale?

— Anaimba tu, alisema Meli.

— Alikuwa akiwasifu Bakama. Wafalme! Wafalme wenyewe serikali imeshawaondoa, na wengi wao wako kaburini. Enanga ikiimba kwa sauti ndogo, mfalme anayetajwa anasikia peke yake, analala tena. Haya, siku ile wametajwa kwa spika. Wamesikia wote kwa mpigo, tangu yule wa kwanza. Kila mmoja kaamka kajibu: Naam! Ndilo yowe lililosikika.

Meli aliyekuwa ameinua kikombe hakunywa. 

— Wewe si Mlutheri? aliuliza Azimio hatimaye.

— Mlutheri ndiyo. Lakini masikio ninayo.

— Na mbele ya viongozi wa chama! alisema Azimio, sasa akichemka. Wafalme wanaitika kwenye sikukuu ya TANU! Hiyo ni mbaya kuliko hujuma. Hiyo ni... Waya, wamekuita kukuhoji?

— Hapana, alisema Protase, akacheka tena. Na kwa kuwa kucheka peke yake hakukutosha, akaongeza lake: Au labda spika ile imeonyesha sinema nyingi mno za vita. Imezoea mayowe.

Benchi zima likaangua kicheko. Meli alipiga paja lake akasema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaribia mahali pake, ingawa hakukusudia.

Katika kicheko hicho ndipo mwanamke mmoja alipofika, kapu mkononi, chupa ya mafuta ya taa ikichungulia kwenye majani ya mgomba. Alisimama upande wa Omary, akaamkia watu wote mmoja mmoja kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kwao. Benchi halikumjua. Protase aliinua kichwa, na bisibisi ikamtoka, ikaanguka ndani ya redio ya mteja. Alikuwa Immakulata, binti wa mzee Bartholomayo. Walilelewa nyumba moja. Mama yake Protase alipofariki, mjomba ndiye aliyemchukua, na Immakulata ndiye aliyemgawia nusu ya kitanda chake cha nyasi.

— Karibu dada, alisema Omary. Kahawa?

— Asante, nawahi basi. Nimekuja tu kununua mafuta na chumvi.

— Unatoka pande zipi? aliuliza Meli.

— Buganguzi.

— Aa, basi ni wa Muleba! Saba Saba ulikuwepo uwanjani?

— Nilikuwepo.

— Jamani, Mungu katuletea hakimu, alisema Futi, akamsogezea nafasi kwenye benchi, lakini hakukaa. Hebu dada, utuamulie. Huyu anasema ziwa, huyu anasema mabeberu, mimi nasema mambo mengine. Wewe uliyekuwepo, unaonaje? Yowe lile lilitokana na nini?

Immakulata aliwatazama, si kwa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyetembea na swali moja muda mrefu, akachoka kulibeba.

— Mambo ya umeme siyajui, alisema. Mimi nina jambo moja tu ningependa kuuliza. Kaka Protase, tata, baba yangu, alipopiga magoti pale kuokota vile vipande, wewe ulikuwa unacheka nini?

Azimio aliangalia kikombe chake, Futi akaanza kuviringisha futikamba yake kidoleni. Meli alifungua kinywa apate methali, akakuta hamna, akakifunga. Yeye alikuwepo Muleba. Na alikumbuka, wakati ule ule, kwamba hata yeye alikuwa akicheka, ila yeye mzee yule hakuwa mjomba wake.

Sehemu hiyo Protase hakuisimulia kijiweni. Alisimulia jinsi spika ilivyopiga yowe, watoto wakaziba masikio, mbuzi wa zawadi akakata kamba akakimbia. Hakusimulia kwamba mjomba aliacha kuimba akamgeukia, akamtazama kama mtu anayeomba msaada, na kwamba badala ya kuzima yeye alipiga kelele, Endelea mjomba, endelea! akaongeza sauti. Mzee aliruka akijaribu kumtupa kando yule nyoka wa nyaya, mguu ukanasa, enanga ikaanguka ubavu. Ilipasuka kutoka kwenye tundu hadi nchani, kwa mlio mmoja mkavu ambao spika iliutoa kama risasi. Uwanja mzima ukacheka. Ndipo Protase, akiwa amesimama kwenye mitambo yake, alipoona macho ya watu yakianza kuhama kutoka kwa mzee kuja kwake. Akacheka. Alicheka kwa kinywa wazi, akamnyooshea mjomba wake kidole, na macho yakarudi kule kule.

— Kahawa imekwisha, alisema Omary taratibu, ingawa birika lilikuwa bado zito. Akaanza kukusanya vikombe.

Immakulata hakungoja jibu. Aliaga watu wote mmoja mmoja, kama alivyowaamkia, akaelekea kituo cha mabasi. Protase alifunga kibanda bila kufunika redio ya mteja, akamfuata. Nyuma yake hakusikia mtu akicheka wala kubisha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma yake. Waliposhuka Muleba, akanyoosha mkono apokee kapu. Immakulata akamwachia, akatangulia njia ya kwao.

— Yeye hajui kama nimekuja kwako, alisema bila kugeuka. Usiseme nimekuita.

— Sitasema.

— Tangu siku ile hajaenda hata kwenye pombe ya jirani. Wamemwita arusini mara mbili. Anasema koo linamuuma.

Kibanja cha mzee kilikuwa kama siku zote, migomba imesongamana hadi jua linaingia kwa vipande, mibuni chini yake. Uani kuku walikuwa wakidonoa pumba ndani ya hori la mti. Protase alipita, kisha akarudisha macho. Halikuwa hori. Ilikuwa nusu ya enanga, upande ule uliobaki mrefu, na kwenye ukingo wake kulikuwa na alama ya nta.

Mzee Bartholomayo alikuwa nyuma ya nyumba, akipunguza majani makavu ya mgomba kwa kisu. Alimwona. Hakuacha kazi.

— Shikamoo mjomba.

— Marahaba.

— Nimekuja.

— Nimeona.

Protase alisimama. Maneno yote aliyopanga kwenye basi yalikuwa yameanguka njiani, na yaliyobaki mdomoni yalikuwa yale yale ya kijiweni.

— Mjomba, ile spika ilikuwa karibu mno na kinasa. Sauti inapotoka ikirudi ndani tena, inazunguka, inakua. Nilipaswa kuwa na waya mrefu...

— Sikukuuliza habari za spika.

Jani likaanguka, kisha jingine.

— Nilitoboa mti, alisema Protase. Uliniambia nisiuguse, nikautoboa.

— Tundu nililiona kabla sijaanza kuimba. Nta ya mshumaa inanuka. Mzee aliupeleka mkono kwenye jani lililofuata. Nikasema, mtoto ameshindwa njia nyingine, ataniambia baadaye. Nikaimba.

Hilo Protase hakulitarajia. Kwa wiki zote zile alikuwa amejificha nyuma ya tundu lile, akidhani ndilo kosa lenyewe. Alisikia masikio yakimwaka moto, kama mtoto aliyevuliwa nguo sokoni.

— Nilicheka, alisema.

— Ulicheka.

— Walikuwa wanaanza kunitazama mimi. Nilicheka ili wasinicheke.

Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza. Hakuwa amekonda, hakuwa amezeeka. Alikuwa yule yule, ila yale maringo yake ya siku zote hayakuwepo, na bila hayo alionekana kama nyumba iliyoondolewa mlango.

— Ilikusaidia?

Protase alitafuta jibu la kumfurahisha. Kisha akasema kweli, kwa kuwa hakuwa amebakiwa na kingine.

— Ndiyo, mjomba. Ilinisaidia. Hawakunicheka.

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za mvua ya mji wa mbali. Aliifuta mikono yake kwa jani, akatembea mpaka kwenye mlango wa jikoni. Klaudia, mkewe, alikuwa ndani akimenya ebitoke, ndizi za kupika za jioni. Kwa miaka yote Protase alipofika hapo alipita moja kwa moja hadi kwenye chungu, akala kwa mkono akiwa amesimama, na Klaudia akamchapa kiganja.

— Mama Immakulata, aliita mzee kwa sauti ya upole, sauti nzuri ya kuimbia. Tumepata mgeni. Mletee kiti sebuleni, na maji ya kunawa.

Klaudia alitoka akamwona ni nani, akamtazama mumewe, akamtazama Protase. Kisha akainama, akachukua kile kiti kizuri cha wageni, akakifuta vumbi kwa kitenge chake, akakiweka katikati ya sebule iliyotandikwa nyasi. Immakulata alileta maji kwenye jagi na beseni, akapiga goti, kama inavyopasa mbele ya mtu wa kuheshimiwa.

— Karibu, alisema mzee. Karibu sana. Habari za Bukoba?

Protase alikaa. Alinyoosha mikono, na maji yakamwagika juu yake, na hakuweza kuinua uso kumwona aliyekuwa akimnawisha.